Mashua imekaa nchi kavu miaka mitatu: niivishe faiba au niitie kalafati?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia mashua ya futi 24, mbao za mninga na mataruma (mbavu za ndani) ya mkoko. Imekaa miaka mitatu juu ya mchanga hapa Pangani. Mbao zimeachana mpaka mianya mingine inapitisha mwanga wa jua. Kijana mmoja anayetengeneza boti ananishauri niivishe faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini) mwili mzima, nisahau habari za kalafati, yaani kushindilia pamba mianyani. Nataka irudi kuvua kabla kaskazi haijaanza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu mzee. Faiba usiivishe, nakuomba sana.

Ubao wa mashua hautulii. Ukilowa unafura, ukikauka unasinyaa, na chombo kikipigwa na mawimbi kila ubao unacheza kidogo ubavuni mwa mwenzake. Faiba haichezi hivyo. Tena mashua ya baba yako bila shaka imenyweshwa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka na miaka, na rezini, ile gundi ya faiba, haishiki vizuri kwenye mti ulioshiba mafuta. Itaachia pole pole, na maji ya mvua yanayoingia kwa juu yatakaa kati ya faiba na mbao yasipate pa kutokea. Maji hayo ya mvua ndiyo yanayoozesha kuliko ya bahari, kwa sababu chumvi inazuia kuvu. Niliwahi kubandua faiba ya mashua iliyovishwa misimu miwili tu nyuma. Nje iling'aa kama sahani, ndani taruma nililichimba kwa kucha.

Huo mwanga unaouona usikutishe, mbao zina kiu tu. Kosa litakalokugharimu ni kuzitia kalafati sasa hivi, zikiwa kavu. Ukishindilia pamba mpaka mianya yote ijae kisha ukaishusha mashua baharini, mbao zitafura zikose pa kwenda. Zitasukumana, zing'oe misumari, na pengine zivunje mataruma. Nimeona mashua nzuri ikiharibiwa hivyo na watu wenye haraka.

Kabla ya kuilowesha, tumia huu ukavu kuikagua, maana uozo unaonekana vizuri zaidi sasa. Chukua kisu chembamba uchome penye maungio ya mkuku (ule mti mkuu wa chini) na fashini (mti uliosimama nchani mwa chombo), chini ya kikalio cha mlingoti, kwenye ncha za mataruma na kwenye ubao wa kwanza juu ya mkuku. Mti mzima unakataa kisu. Uliooza unakipokea bila sauti. Angalia pia vitundu vya yule mdudu wa baharini anayekula mbao. Kwa nje tundu ni dogo kama la sindano, lakini ndani njia yake hupanuka hata kufikia unene wa kidole, nayo ina utando mweupe kama chokaa. Mdudu mwenyewe amekwisha kufa, hawezi kuishi nchi kavu miaka mitatu, ila ubao aliokwisha kuula ubadilishe. Weka mninga au mvule wa unene uleule. Mwembe ni rahisi kwa bei, lakini unaoza mapema. Viungo vya mbao jirani visiangukie kwenye taruma moja.

Misumari inayolia machozi ya kutu, ing'oe. Weka iliyopakwa zinki, minene kidogo kuliko ya zamani, na chini ya kila kichwa zungusha uzi wa pamba uliochovywa mafuta. Usichanganye shaba na chuma kwenye ubao mmoja, maji ya chumvi yatakula chuma upesi.

Sasa ngojea bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Ishushe mashua mpaka pale maji yakijaa yanapofika tumboni, itie gadi (miti ya kuiegemeza) imara pande zote mbili, ifunge, kisha pakia mawe juu ya mkuku isije ikaelea ikaanguka. Yaache maji yaingie na kutoka. Wakati wa kupwa, funika mbao za juu kwa magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari. Kwa mashua ya ukubwa huo nimeona siku nne mpaka saba zikitosha. Kila maji yakipwa, pita nje utazame maji yaliyobaki ngamani, yaani chini ndani ya chombo, yanatokea wapi, ukwaruze alama kwa msumari. Utashangaa mianya mingapi itakuwa imejifunga yenyewe.

Penye alama tu ndipo pa kalafati. Toa pamba ya zamani yote, acha uso wa ubao ukauke nusu siku kivulini, kisha sokota pamba iliyolowa sifa au mafuta ya nazi na uipige kwa chembeu (patasi ya kalafati), tabaka juu ya tabaka. Sikiliza: mwanya ukishiba, sauti ya nyundo inakuwa kavu. Acha hapo. Pamba ikitokeza kwa ndani, mwanya umekuwa mpana mno, nao unataka kijiti chembamba cha mti uleule kabla ya pamba. Oili chafu ya injini usiitie popote. Inachafua maji unayovua, na siku ukitaka kupaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya ng'ombe, haitashika.

Malizia kwa deheni tumboni, na sifa juu ya mstari wa maji. Ikisharudi kuvua, kila baada ya bamvua mbili au tatu ipweleze (iache ikae mchangani maji yakipwa) uichome tumbo kwa nje kwa moto wa makuti makavu. Moto upite haraka, usikae mahali pamoja ukala pamba, na ndoo ya maji iwe mkononi mwa mwenzako. Kisha deheni mpya.

Ukimaliza kukagua, niandikie ni mataruma mangapi yamepokea kisu, na yamefuatana au yameachana. Yakiwa matatu yaliyofuatana, usiishushe majini kwanza. Tafuta vigogo vyenye pindo la asili, na ubadilishe taruma moja moja, la pili usiliguse kabla la kwanza halijapigwa misumari.