Mpatane Kabla ya Kupanda Boti: Kikosi cha Washairi kutoka Lamu hadi Jukwaa la Nairobi

Kikosi kinachosambaratika kwenye mashindano ya taifa ya ushairi wa jukwaani huwa kimeanza kusambaratika njiani. Mmoja amefika Mokowe, gati la bara la kupandia basi, na kitambulisho kiko ndani ya begi lililokwisha kusukumwa tumboni mwa basi. Mwingine amekopa nauli ya tuktuk mara tatu na hakuna aliyeandika. Wa tatu hakulala, kwa sababu mwenzake wa chumba alikariri kwa sauti hadi saa nane za usiku. Jukwaani wanasimama watu wanne wenye mashairi mazuri na vinyongo vinne. Undugu wa safari hupangwa, tena hupangwa Lamu, mkiwa bado mmekaa barazani na hakuna aliyechoka. Mtu wa Malindi ataruka habari za bahari na barabara ya Garsen. Yaliyobaki yote yanamhusu.

Anzeni na sheria, maana hizo hugombanisha watu upesi kuliko pesa. Mashindano ya namna hii, slamu kama vijana wanavyoyaita, yalianzishwa Chicago na mshairi Marc Smith katikati ya miaka ya 1980, na yale ya kwanza ya taifa huko Marekani yalifanyika San Francisco mwaka 1990. Utaratibu wake ndio ulioenea: majaji watano huteuliwa papo hapo kutoka kwa hadhira, kila mmoja akitoa alama kati ya 0 na 10 yenye desimali moja. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, tatu za kati hujumlishwa. Ukipewa 8.1, 8.4, 8.6, 8.9 na 9.7, umepata 25.9. Kila mwanakikosi afahamu hili kabla ya kuondoka, ili asikeshe akimlaani jaji ambaye alama yake wala haikuhesabiwa.

Muda ni dakika 3. Kwa sheria za Marekani kuna msamaha wa sekunde 10, kisha hukatwa nusu alama kwa kila sekunde 10 zinazozidi. Saa huanza pale onyesho linapoanza, hata kama hujatamka neno la shairi. Ile salamu ndefu ya wazee na wageni waalikwa, ambayo Lamu huwezi kuiacha bila kuonekana huna adabu, inaweza kula sekunde 20 nzima. Kiongozi wenu awapitie wazee na kuwaamkia kabla shughuli haijaanza. Mshairi akipanda, apande na shairi. Waandaaji wa kwetu hubadilisha masharti wapendavyo, kwa hiyo ombeni sheria kwa maandishi wiki mbili kabla na mzisome pamoja. Msimtegemee aliyeshiriki mwaka juzi.

Kisha pimeni mashairi yenyewe. Ubeti wa mishororo minne yenye mizani 16 una mizani 64. Ukisemwa kwa mwendo wa kawaida, pumzi zikiwekwa mahali pake, huchukua sekunde 18 hadi 20. Ukighanwa kwa mahadhi hufika 35 au 40. Kwa hiyo beti nane za kusema zinatosha, na za kughani ni nne. Ya tano ni kamari. Lengeni dakika 2 na sekunde 45, kwa kuwa ukumbini kuna makofi na vicheko ambavyo havikuwapo mazoezini. Lamu ubeti ukipendwa mshairi huurudia, na watu hufurahi. Nairobi ukirudia, saa inakwenda. Ubeti wa kuachwa wakati muda unapobana uamuliwe nyumbani na utiwe alama kwenye karatasi, ili mshairi aruke kutoka wa tano hadi wa saba bila kufikiri. Mshika saa awe mmoja, yule yule mazoezini na ukumbini. Kila mtu akitazama simu yake mtapata majibu matano na ugomvi mmoja.

Vifaa vya maigizo na maleba kwa kawaida haviruhusiwi, na hapa watu wa Lamu huteleza bila kujua. Kanzu, kofia na buibui ni nguo zako za kila siku, hazina neno. Bakora ya kunyooshea hadhira ni kifaa. Kofia ikivuliwa na kupungwa mbele ya majaji nayo imekuwa kifaa. Tari ibaki nyumbani. Kuimba kwa sauti yako mwenyewe Marekani huruhusiwa, hapa ulizeni kwanza.

Kuhusu Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, msikifute. Ila hadhira ya Nairobi haitang'amua "ndia" (njia) na "mato" (macho) papo hapo. Maneno hayo yawekeni katikati ya mshororo, penye sentensi ya kuyabeba, na mwisho wa ubeti pakae neno ambalo kila mtu analishika.

Panapoumiza vikosi vya Lamu zaidi ni kwenye mitindo. Mara nyingi kikosi kina maalim mmoja aliyekulia kwenye vina na mizani, na vijana watatu wa mashairi huru waliojifunza kwa kutazama video. Mzee husikiliza shairi la kijana, kisha mbele ya watu akasema, "Hili guni," yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Kijana hanyanyui mdomo, adabu inamzuia, lakini kuanzia hapo hasikii tena analoambiwa na mazoezi ya pamoja yamekufa. Vijana nao wana lao: hucheka mahadhi pembeni na kusema yamepitwa. Vyote viwili vipigwe marufuku waziwazi siku ya kwanza, na atangazaye marufuku hiyo awe mwenye umri mkubwa kuliko wote, kwa sababu akilisema kijana litaonekana ni ukorofi.

Baada ya hapo wapangeni wawili wawili, asiyefuata arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, na anayeifuata. Kila mmoja asikilize shairi la mwenzake faraghani na ajibu swali moja tu: nilikupoteza wapi? Maalim atasikia mara moja mahali ambapo ulimi wa kijana unakwama, maana sikio lake limezoea kuhesabu. Kijana naye anajua ni ubeti gani utawafanya watu wa Nairobi watoe simu mfukoni. Akitaka kusema, aanze na "Maalim, naomba kuuliza," na maalim ajibu kana kwamba ameulizwa kweli. Zikibaki siku nne kuondoka, fungeni mlango wa marekebisho. Neno jipya lililoingizwa dakika za mwisho hugongana na la zamani kinywani, na mshairi husahau papo hapo, kila mara mahali pale pale.

Shairi la watu wawili kwa kipaza sauti kimoja lina hesabu yake: simameni bega kwa bega, mmeelekeana kidogo, midomo ikiwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kipaza. Mkiinama wote mara moja, sauti zote mbili zinazama.

Pesa ziwe mfuko mmoja. Kila mtu atoe kiasi sawa, hata yule mwenye mfadhili, na asiyejiweza asaidiwe kwa siri kabla ya safari na isitajwe tena. Mmoja ashike pesa kwenye simu, mwingine aandike daftarini siku hiyo hiyo, kila kitu hadi chupa ya maji. Nauli ya treni ya Mombasa hadi Nairobi kwa daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kwa watu watano, kwenda na kurudi, ni 15,000 kabla hujagusa boti, basi, chumba na chakula. Ongezeni sehemu moja ya tano ya jumla kama akiba. Mkipata zawadi ya kikosi, kwanza mfuko urudishiwe kilichotoka, kinachobaki kigawanywe sawa, pamoja na mshairi wa akiba ambaye hakupanda na kiongozi aliyebeba mizigo. Zawadi ya mtu binafsi ni yake. Haya yaandikwe na kutiwa saini kabla. "Tutaona tukishinda" ni maneno ya watu watakaogombana.

Safari yenyewe hesabuni siku mbili kamili kabla ya mashindano. Siku ya kwanza vukeni Mokowe alfajiri, mpande basi la asubuhi kupitia Witu, Garsen, Malindi na Kilifi, mlale Mombasa. Siku ya pili pandeni treni ya mchana kutoka Miritini. Ile ya saa nne usiku inavutia kwa kuwa inaokoa pesa ya chumba, lakini inawashusha Syokimau, kituo cha Nairobi, kabla ya alfajiri mkiwa hamjalala, na sauti ya mtu asiyelala haina nguvu. Treni hukatiwa tiketi mapema kwa kupiga *639#, na kila msafiri anahitaji nambari ya kitambulisho. Kateni kwa pamoja: viti vya daraja la kawaida hutazamana, na hapo mtakaa kama mko barazani. Fikeni kituoni saa moja na nusu kabla, mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Kisu cha kumenyea maembe kitabaki kwa askari.

Kwenye barabara ya Lamu hadi Garsen kuna vizuizi ambapo abiria huteremka na kuonyesha vitambulisho. Kitambulisho kikae mfuko wa shati. Aliye chini ya miaka 18 awe na nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi, na kikiwa na wasichana, kikosi kisafiri na mama mtu mzima ambaye wazazi wao wanamjua; bila hivyo ruhusa hutolewa leo na kufutwa kesho. Vituo vya sala na chakula vikubaliwe mapema, wanaofupisha na kuchanganya sala waseme, asije mmoja akasubiriwa na basi zima huku wenzake wakiona haya.

Mfadhili akijitolea kulipia ndege kutoka uwanja wa Manda kwa watu wawili tu, tunashauri mkatae, au pesa hizo ziingie mfukoni. Waliotangulia kwa ndege watakuwa wameoga, wamelala na wameuona ukumbi. Waliokuja kwa basi watafika na vumbi la siku mbili. Hata wakipendana vipi, hicho ni vikosi viwili.

Sauti huharibikia ndani ya basi. Muziki uko juu, watu wanazungumza kwa kupaza, na saa nane baadaye koo limekwaruza. Zungumzeni kidogo. Kukariri kwa mnong'ono nako huchosha koo. Tembezeni midomo bila sauti au guneni kwa chini. Kunyweni maji mara kwa mara, yasiyo ya baridi. Muguka na miraa hukausha mdomo, na mwenye kutafuna aambiwe hivyo bila kuhutubiwa. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Juni hadi Agosti mtu wa Lamu hutetemeka, na koo lililobanwa na baridi halighani. Kila mtu abebe sweta na kitambaa cha shingo. Siku ya mashindano, mahamri na mbaazi asubuhi ni sawa. Biriani ingojee hadi baada ya matokeo.

Ukumbini, amueni nani anatangulia. Alama huelekea kupanda kadiri usiku unavyosonga, kwa kuwa majaji wanazidi kuchangamka na kujisahau, hivyo wa kwanza mara nyingi hupunjwa. Nafasi hiyo apewe mtu asiyevunjika moyo kwa 7.8, wala msimpe mgeni eti "aondoe woga". Kila mshairi awe na mashairi mawili tayari: kama aliyewatangulia ameliza ukumbi kwa shairi la msiba, msimfuatishie msiba wa pili.

Mshairi akishuka, aambiwe mambo mawili tu: muda wake, na mshika saa ndiye wa kuutaja, na "pole kwa kazi". Hakuna kuchambua shairi hadi kesho yake baada ya chai. Neno la "ungelitua kidogo pale ubeti wa tatu" linaweza kuwa kweli kabisa, na bado usiku ule halina kazi ila kumchoma. Aliyetolewa raundi ya kwanza apewe shughuli mara moja, aandike alama za vikosi vyote au ashike maji na sweta za wenzake. Akiachwa bure atatoka nje, na mkimhitaji kwa shairi la pamoja hamtampata.

Wapigieni makofi wa kaunti nyingine, na kwa dhati. Majaji wanatoka kwenye hadhira hiyo hiyo na wanaona nani amekunja uso. Treni ya Mombasa huwa na washairi wa Kilifi na Kwale pia. Kaeni nao, jibizaneni beti za papo kwa papo kwa vina vilivyotangulia, ni mazoezi mazuri kuliko kukariri peke yako. Mashairi ya mashindano pekee ndiyo yasitolewe mle. Paketi mbili za halua ya Lamu zikifunguliwa kwenye chumba cha kusubiri huondoa ukimya upesi.

Kurudi, hakikisheni basi linafika Mokowe kukiwa bado na mwanga, maana boti za jioni ni chache na bei yake hupanda. Daftari la pesa lifungwe kabla ya kuvuka, kila mtu aione jumla na apewe chake. Na video: hakuna anayeweka kipande mtandaoni hadi kila aliyeonekana humo amekubali. Kipande cha aliyesahau beti kifutwe kwenye simu zote, na kiongozi azipitie moja moja.