Machaguo ya mstari wa amri yasomwe mlangoni

Wadogo zangu mnaoanza kuandika programu hapa Mtwara, hili la machaguo ya mstari wa amri, yaani maneno unayoandika baada ya jina la programu unapoiendesha, ningependa mlijue kabla hamjazoea vibaya.

Programu yangu ya kwanza ya maana niliiandikia chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho. Inasoma faili la mizani, inakokotoa malipo ya kila mkulima baada ya mnada, kisha inatuma ujumbe wa simu. Klasi, yaani vipande vya programu vyenye kazi zake, zilikuwa tatu: Mzigo, Malipo na Ujumbe. Kila moja ilijichotea machaguo yake yenyewe kutoka sys.argv, orodha ambamo Python huweka maneno hayo. Siku nilipotaka kuijaribu Malipo peke yake kwa pytest -v (pytest ni programu ya kujaribu programu, na -v ni chaguo lake yenyewe), ikaikuta hiyo "-v" na kuidhania jina la faili. Nilihangaika mpaka jioni.

Mstari wa amri usomwe mahali pamoja tu, kwenye main, mlango ambao programu huanzia. Hapo unakagua, unatengeneza objekti moja ya mipangilio, kisha kila klasi unaikabidhi kwenye konstrakta, yaani pale inapoundwa, kile inachohitaji basi. Malipo inataka bei ya kilo na makato. Bei imeandikwa na karani au imetoka kwenye faili, hayo hayaihusu. Kwa Python tumieni argparse, maktaba ya kusoma mstari wa amri. Imo ndani ya Python tangu matoleo ya 2.7 na 3.2, hamna cha kupakua hata bando likiisha.

Sasa ndiyo na hapana, maana hapa ndipo nilipoumia. Chaguo la --tuma, la kuruhusu ujumbe utumwe, nililiwekea type=bool (aina ya kweli au si kweli), nikaandika --tuma False, nikijua najaribu tu. Ujumbe ukaenda! Argparse hupokea neno, na kwa Python neno lolote lisilo tupu ni kweli, hata neno "False". Kesho yake asubuhi wazee walikuwa mlangoni pa chama wakiulizia pesa ambazo hazijaingia, wengine wametembea tangu alfajiri. Bado inaniuma.

Wekeni action="store_true": chaguo likiandikwa ni ndiyo, lisipoandikwa ni hapana. Bei ipeni type=int, yaani namba kamili; karani akiandika "elfu tatu", argparse inakataa na kuifunga programu kwa namba 2, alama ya kosa, kabla klasi yoyote haijaguswa. Lakini kukataa bei iliyo chini ya sifuri iachieni Malipo yenyewe, kwa sababu kesho bei itatoka kwingine.

Programu yangu sasa, bila --tuma, huorodhesha majina na kiasi kwenye skrini tu. Karani huyapitia na daftari mkononi, ndipo anaiendesha tena kwa --tuma.