Jibu: Kwa nini Walter Johnson bado anatajwa?

Ndugu, umeuliza kwa nini wapenzi wa besiboli bado wanamtaja Walter Johnson, mrushaji (anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani), ilhali aliacha kucheza 1927. Kwangu jibu linaanza na 110. Hizo ndizo mechi alizorusha mwanzo hadi mwisho bila wapinzani kupata pointi hata moja, na hakuna mwingine aliyefika hapo katika ligi kuu za Marekani. Siku hizi mrushaji hupumzishwa mapema, kwa hiyo sioni wa kuivunja rekodi hiyo.

Tena misimu yote 21 alikuwa Washington, timu iliyokuwa dhaifu miaka mingi, na bado akashinda mechi 417!

Ninachompendea zaidi ni fainali za 1924 dhidi ya New York Giants. Alikuwa na miaka 36, ameshapoteza mechi mbili za fainali hizo. Mechi ya saba, matokeo 3-3, akaingizwa kurusha raundi ya 9, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho. Akarusha raundi nne, Giants wasipate kitu, mpaka Washington wakashinda 4-3 katika raundi ya 12. Ulikuwa ubingwa wao wa kwanza. Ukitaka kumfuatilia zaidi, tafuta msimu wake wa 1913: alishinda mechi 36, akapoteza 7.