Mboji ya nyumbani Mtwara: kiangazi chimba shimo, masika inua rundo

Maelekezo mengi ya kutengeneza mboji huanzia jikoni: kusanya maganda, kusanya mabaki ya mboga. Kwa sisi wa Mtwara mjini, tunaolima vibustani vya uani juu ya kichanga, nakushauri uanzie kwenye maji. Maganda hayatakusumbua, kila nyumba inayo. Kitakachokusumbua ni kwamba kuanzia Juni hadi Novemba hatuna mvua ya maana, na rundo lililoachwa juani hukauka likabaki vilevile, jani la Julai unalikuta Oktoba bado ni jani. Kisha mvua zikishika Desemba, rundo hilohilo linalowa chapachapa na kuanza kuvunda.

Kwa hiyo mimi nina njia mbili kwa mwaka. Kiangazi nachimba shimo, mvua zikianza nainua rundo juu ya ardhi.

Shimo lenyewe si kubwa: upana wa mita moja, kina cha nusu mita. Litafutie kivuli, ila usilichimbe karibu na shina la mwembe au mkorosho, maana mizizi itakuja kula kabla yako. Mchanga wetu haushiki maji, ukimwaga ndoo inazama yote. Hapo ndipo makumbi ya nazi yanapopata kazi. Yapange chini ya shimo, upande wa ndani ukitazama juu, uyaloweshe vizuri. Nyuzi zake hunyonya maji na kuyaachia polepole. Yenyewe huchukua muda mrefu mno kuoza, hivyo ukitoa mboji yaache humo yasubiri zamu nyingine. Juu ya shimo funika makuti makuukuu. Najua kuna wanaouza mapipa ya plastiki kwa shughuli hii. Kwa bustani ya matuta manne sioni sababu ya kutoa hela.

Sasa vya kutia. Hesabu yangu ni ya ndoo: ndoo mbili au tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Vikavu ni majani yaliyopukutika, mabua ya mahindi, maranda ya mbao kidogo. Vibichi ni maganda ya muhogo, ya ndizi, ya papai, magugu, majani ya mbaazi, na samadi ya mbuzi kama jirani anafuga. Samadi ni mbichi hata kama imekauka mkononi, maana kinachohesabika ni naitrojeni iliyomo. Majani tunayafagia kila asubuhi na kuyachoma, kwa hiyo hayana uhaba. Yaokote kwa reki kabla ya ufagio, la sivyo utajaza shimo mchanga na vipande vya nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vile vifuko vidogo vya kila namna bado uani vimo. Majani ya mkorosho ni magumu, yakatekate kwa panga kwanza.

Vingine vina masharti yake. Machicha ya nazi yana mafuta na huita panya na sisimizi, hivyo yatawanye membamba na kuyafukia, usiyamwage bonge. Vipande vya shina la muhogo vitachipua humo humo, vianike vife kwanza. Gugu la ndago usitie kabisa: shimo dogo halipati joto la kutosha kuua vile vinundu vyake. Rundo linalofukuta kweli, la nyuzi joto 55 na zaidi, linahitaji ukubwa wa karibu mita moja kila upande. Matumbo ya samaki nayo, paka watalifukua shimo usiku kucha. Yachimbie yenyewe kina kirefu pembeni ya mgomba, mgomba hautalalamika.

Mabibo, yale matunda laini yanayobeba korosho, yanastahili maneno yake. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, yanalala chini ya mikorosho kwa wingi hata baada ya watu kukamua ya uraka, pombe ya mabibo. Bibo ni maji na sukari, na linakuja wakati shimo lina kiu kuliko miezi yote na mvua bado. Kwangu hayo ni maji ya bure. Yakiachwa bonge, lakini, yanachacha na nzi wanajaa hadi jikoni. Tandaza tabaka la mabibo yaliyopondwa lisilozidi unene wa vidole vitatu, funika kwa majani makavu mara mbili ya hapo, nyunyiza konzi ya majivu, kisha tabaka lingine. Konzi, nimesema. Kuna watu humwaga majivu yote ya jiko la mkaa kila siku, na majivu mengi huharibu kazi yote. Maganda ya korosho yaweke mbali, yana yale mafuta yanayobabua ngozi. Na majani kutoka shamba lililopulizwa salfa ya kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, siyachukui kwa ajili ya mboga. Salfa huongeza tindikali kwenye udongo.

Kila tabaka linyunyizie maji. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana. Ya sabuni nyingi hapana, na kama kisima chenu kiko karibu na bahari na maji yake yana chumvi, yaache pia. Mwani na majani yaliyotupwa na bahari ni mazuri ukiyasuuza kwanza, au ukiyaacha yanyeshewe.

Kujua kama unyevu unatosha, chota konzi ukamue. Likitoka tone moja au mawili na bonge likashikana, vizuri. Likimwagika maji, ongeza vikavu na ugeuze. Likivunjika kama unga, mwagia. Harufu ya mayai viza maana yake ndani hakuna hewa. Ukikuta mchwa, ujue pakavu mno. Funza wakubwa wa kijivu usiwaogope, wanasaidia kula, na kuku wakiwaona siku ya kugeuza watakufanyia kazi nusu.

Geuza kila baada ya wiki mbili, cha pembeni kiende kati. Ukifanya hivyo, kwa joto letu miezi mitatu inatosha. Bila kugeuza hesabu sita. Mwanzo mzuri basi ni Agosti au Septemba, ili Desemba uwe na kitu cha kutia kwenye matuta.

Mvua zikishika, shimo litageuka dimbwi. Lifunge, na vitu vipya uvipange juu ya matawi makavu sehemu iliyoinuka, hadi usawa wa kiuno, na makuti juu yakiegemea upande mmoja ili maji yateremke. Kanuni za kuchanganya hazibadiliki, ila sasa vikavu viwe vingi zaidi. Ndiyo maana nashauri ujaze viroba viwili vitatu vya majani Oktoba na kuvitunza barazani. Februari jani kavu ni bidhaa adimu.

Mboji iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo uliopata mvua, na huwezi kutambua tena ganda la ndizi. Ichekeche kwa wavu mpana, mabonge yarudi kwenye rundo. Kwenye tuta tandaza unene wa vidole viwili au vitatu na uchanganye na udongo wa juu, usiifukie mbali. Kwa kitalu cha nyanya au pilipili, sehemu moja ya mboji kwa mbili za udongo. Anzia bamia, mchicha na nyanya chungu, hizo huonyesha tofauti haraka. Matembele yanajimudu, yape kinachobaki. Na kwa kuwa kichanga na joto letu huimaliza mboji upesi, utahitaji kutia tena kila msimu, kwa hiyo siku unayotoa ya kwanza, anza kujaza ya pili.