Kusaidia wakimbizi mtaani wakati wa korona: kazi kubwa ni orodha

Mleta uzi, umeuliza sisi wa Nairobi tulizifikiaje familia za wakimbizi wakati wa korona, maana kikundi chenu kinataka kuanza kazi kama hiyo. Nilijitolea na kikundi kidogo katika mitaa ya Eastleigh na Kayole, nakujibu kwa niliyoyaona.

Mkimbizi wa mjini hapati mgao wa chakula. Mgao uko kwenye kambi za Kakuma na Dadaab. Huku anajitegemea kwa kutembeza vitenge, kusuka nywele, kufulia watu nguo. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, biashara ya jioni ikafa. Tarehe 6 Mei Eastleigh yenyewe ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, katikati ya Ramadhani. Mama wa Kikongo wa Kayole aliyekuwa akichukua mali huko, hata akipata mteja hana cha kumuuzia.

Chakula kilipatikana. Misikiti, makanisa na wenye maduka walitoa, Mungu awalipe. Kilichotusumbua ni orodha ya wa kupewa. Ukibisha hodi na karatasi, uulize jina, nchi na namba ya nyumba, mlango unafungwa. Na wana haki! Aprili 2014, kwenye msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Aliyepitia hayo haamini karatasi inayouliza katoka wapi.

Kwa hiyo hatukubisha hodi. Tulipitia kina mama wa vyama vya kuchangiana pesa, wa Kisomali, wa Kioromo na wa Kikongo. Wao ndio wanaojua nani kajifungua juzi na nyumba gani jiko halijawashwa tangu jana. Sisi tulibaki na namba ya simu na idadi ya walaji, basi. Kitambulisho hatukuomba, na nakusihi nanyi msiombe. Picha za watu wakipokea unga pia msipige, hata mfadhili akizitaka.

Mkiweza, tumeni pesa. Wakati ule M-Pesa haikukata ada kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, ikatufaa sana. Ila pigeni simu kabla ya kutuma, kwa sababu laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la jirani mwenye kitambulisho. Mkitoa vifurushi, wekeni ndengu badala ya maharagwe makavu. Maharagwe yanamaliza makaa, na makaa nayo ni pesa. Wakongo watafurahi mkiwapa unga wa muhogo wa kuchanganya na wa mahindi.

Halafu kodi ya nyumba. Hii iliwanyima watu usingizi kuliko njaa, kwa sababu njaa jirani atakugawia sahani, kodi hakugawii mtu. Pesa yetu haikutosha kulipia wote. Kilichosaidia ni kwenda na mzee anayeheshimika mtaani kuzungumza na msimamizi wa ploti, yaani nyumba za kupanga, tukiwa na nusu ya kodi mkononi. Wengi wao walikubali kungoja. Tafuteni huyo mzee sasa hivi, kabla hamjanunua hata gunia moja la unga.