Fimbo ya ardhi peke yake haitoshi: niliyojifunza nilipofunga jenereta

Siku niliyofunga jenereta ya akiba nyumbani niliamini kazi kubwa ni kupigilia fimbo ya shaba ardhini. Nilitoka jasho, nikajipongeza. Jioni ile, kila nikiwasha taa mbili tatu, kifaa cha kukata umeme unaovuja kilichomo kwenye jenereta kinaruka. Nikaishuku friji, nikaishuku pampu, nikachomoa karibu kila kitu. Wapi!

Fundi umeme alipofungua swichi ya kubadilishia umeme, ile ya kuchagua umeme wa gridi au wa jenereta, aliona kosa mara moja. Swichi ile ilikuwa inakata laivu tu, yaani waya unaoleta umeme; nyutro, waya unaourudisha, inapita moja kwa moja. Nyumbani nyutro ilishaunganishwa na ardhi, na ndani ya jenereta nayo kiwandani waliifunga kwenye bodi, yaani fremu yake ya chuma. Viunganisho viwili! Sehemu ya umeme ikawa inarudi kupitia waya wa ardhi badala ya nyutro, na kifaa kikaona ni uvujaji. Hakikukosea.

Njia ni mbili: kukiondoa kiunganisho cha kwenye jenereta, au kuweka swichi inayokata laivu na nyutro pamoja. Nilichagua ya pili, kwa sababu jenereta yangu mara nyingine huhamishwa ikafanye kazi peke yake, na bila kiunganisho kile kifaa cha uvujaji kingekosa njia ya kugundua hitilafu. Waya wa ardhi wenyewe haupitishwi kwenye swichi yoyote.

Na ile fimbo? Ibaki, ina kazi yake, ila usiitegemee irushe breka, swichi inayojikata umeme ukizidi. Piga hesabu: laivu ikigusa bodi ya friji na umeme ukarudi kupitia udongo tu, ukinzani wa udongo ukiwa omu 25 na umeme ni volti 230, hupita kama ampea 9 tu. Breka ya ampea 20 haitikisiki, na bodi ya friji iko na umeme. Kinachoirusha breka ni waya wa ardhi unaorudi mpaka kwenye jenereta.

Wapo wanaochomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi huku na huku. Usithubutu. Umeme huo hutoka hadi kwenye transfoma, ukapandishwa kuwa maelfu ya volti, na fundi aliye juu ya nguzo anadhani laini imezimwa.

Sasa jenereta yangu ina kibandiko: “Nyutro na ardhi zimeunganishwa hapa.” Fundi akija nisipokuwepo, asibahatishe.