Methadoni na "unga wa serikali": jibu kwa mama wa Lamu

Assalaam alaykum wanajukwaa, na wewe dadangu uliyeuliza kutoka Lamu. Umesema kijana wako anakaa kwa shangazi yake hapa Malindi, anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kliniki kila asubuhi, na mjomba wake anashikilia kwamba ametolewa kwenye unga, yaani heroini, akatiwa kwenye unga wa serikali, kwa hivyo aikate dawa kabla Ramadhani haijaingia. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mdogo wangu amepita njia hiyo hiyo, na maneno kama ya huyo mjomba yalikaribia kumrudisha maskani kwa wavuta unga.

Kuna mahali mjomba amesema kweli, na sitakuficha. Heroini na methadoni zinafanya kazi pale pale. Seli za ubongo, uti wa mgongo na matumbo zina vipokezi, yaani protini zilizokaa kwenye utando wa seli zikingojea kemikali maalumu. Vipokezi hivi havikuumbwa kwa ajili ya unga. Mwili una kemikali zake za kutuliza maumivu, na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, walifanikiwa kuzitenga za kwanza kutoka kwenye ubongo. Dawa inayokaa kwenye kipokezi na kukiamsha, ikafanya kazi ile ile ya kemikali ya mwili, inaitwa agonisti. Chukulia kipokezi ni kitasa: agonisti ni ufunguo unaoingia na kuzunguka. Naloksoni, ile sindano ya kumwokoa aliyezidisha unga, inaingia lakini haizunguki, na ikishakaa haipishi mwingine. Buprenofini inazunguka nusu tu.

Lakini agonisti ziko nyumba nyingi, dadangu. Ile pampu ya bluu ya wenye pumu ni salbutamoli, nayo ni agonisti. Inaamsha vipokezi vya adrenalini kwenye mirija ya hewa, misuli iliyobana inalegea, mtu anapumua. Mikono ikimtetemeka baadaye ni kwa sababu misuli ya mikono nayo ina vipokezi hivyo hivyo. Kazi yake inadumu saa 4 hadi 6. Iko nyingine, salmeteroli, inayoamsha kipokezi kile kile lakini inachelewa kuanza kazi na inadumu kama saa 12, ndiyo maana haitumiki kama pampu ya kumtoa mtu kwenye shambulio bali ya kumtuliza siku nzima, tena pamoja na dawa ya kuzuia uvimbe wa mirija. Kipokezi kimoja, dawa mbili, matumizi mbalimbali. Kinachozitenganisha ni mwendo: inaingiaje, inakaa muda gani, inatokaje.

Kwa kijana wako ni vivyo hivyo. Heroini ikivutwa au ikidungwa inafika ubongoni haraka sana, stimu inapanda ghafla, na baada ya saa chache inashuka. Seli zilizozoea kuamshwa kila siku zikikosa ufunguo zinafurika mishtuko: miayo, makamasi, machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kuhara, usingizi kupaa. Hiyo ndiyo arosto. Mtu anatafuta tena pesa, halafu tena jioni, na maisha yote yanakatika vipande vya saa chache. Methadoni ya kunywa inapanda taratibu, inachukua saa 2 hadi 4 kufika kileleni, na kwa aliyekwisha kuizoea inamshikilia siku nzima. Kwa kipimo kilichokaa sawa haina ule mpando wa ghafla. Anaamka hana arosto, anaweza kwenda baharini, dukani au msikitini. Zaidi ya hayo, vipokezi vikiwa tayari vimeshikwa, hata akivuta unga hauonji sana.

Dawa hii ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya maumivu. Walioipeleka kwenye tiba ya uraibu ni Vincent Dole na Marie Nyswander kule New York, waliochapisha matokeo yao mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na kliniki ya Malindi ikaanza kuitoa mwaka 2015. Mjomba aelezwe hilo pia, maana anadhani ni jambo lililoletwa jana kufanyiwa watoto wetu majaribio.

Sasa nikueleze lililotupata sisi, kwa sababu linaweza kukufika. Mdogo wangu alikuwa ametulia kabisa, amenenepa, ameanza kuuza samaki. Akapimwa akakutwa na kifua kikuu, akaanzishwa vidonge. Haukupita muda, arosto ikarudi: alfajiri anatoka jasho, anapiga miayo mfululizo, anajikuna, mkali kwa kila mtu. Jamaa wakasema huyu amerudia, vidonge ni kisingizio. Mimi nilimsogeza dirishani nikamtazama macho. Mtu aliyevuta unga mboni zake huwa ndogo kama kichwa cha pini, hata kizani. Zake zilikuwa zimepanuka na jua limempiga usoni. Huyo hana kitu mwilini, huyo amepungukiwa.

Kliniki walielewa mara moja. Vidonge vya kifua kikuu vina rifampisini, nayo inalihimiza ini kuzalisha vimeng'enya vinavyoivunja methadoni. Alikuwa anakunywa kipimo kile kile mbele ya muuguzi, lakini ini linakimaliza kabla siku haijaisha. Wakampandishia hatua kwa hatua mpaka akatulia. Na alipomaliza tiba ya kifua kikuu baada ya miezi 6 wakaanza kumshusha tena, kwa sababu ini likirudi kwenye kazi yake ya kawaida, kile kipimo kikubwa kingeweza kumzimisha pumzi. Baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, kama efavirenzi, nazo hupunguza methadoni. Kwa hiyo kila dawa mpya kijana anayopewa mahali popote, kliniki ya methadoni lazima iambiwe, hata kama mwenyewe anaona haya kumwambia daktari mwingine kuwa yuko kwenye tiba hii.

Hapo kwenye pumzi ndipo ninapomkatalia mjomba kabisa. Vipokezi hivi viko pia kwenye shina la ubongo linaloendesha kupumua. Mtu aliyezoea anastahimili kipimo ambacho kingemuua asiyezoea. Mtoto mdogo anaweza kufa kwa mnywo mmoja wa mtu mzima. Akikatizwa ghafla, arosto ya methadoni huchelewa kuanza lakini huvuta kwa wiki kadhaa, wengi hawaivuki. Na uzoefu unashuka upesi. Akiteleza siku hiyo, akavuta kiasi kile alichokuwa akivuta zamani, pumzi inasimama. Ndiyo maana hata akikosa kliniki siku 3 mfululizo, hawampi kipimo chake cha kawaida mpaka wamkague. Tena pombe na vidonge vya usingizi juu ya methadoni huua vilevile.

Kuacha kupo, dadangu. Kunaanzia pale maisha yamesimama, kwa kawaida baada ya mwaka au zaidi, na wanapunguza kidogo kidogo kwa miezi, wakisimama kila mwili unapolalamika. Wengine hubaki nayo miaka mingi, kama mgonjwa wa kisukari anavyobaki na insulini, ambayo nayo inaamsha kipokezi chake.

Kuhusu saumu: methadoni ni mnywo mmoja kwa siku, kwa hiyo swali ni saa tu. Kijana aende mapema, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, aulize kama saa yake inaweza kusogezwa karibu na futari au daku. Asichukue ya kuweka, asigawe mara mbili kwa akili yake. Wakimwambia haiwezekani, mgonjwa ana ruhusa yake kwenye Qur'ani, sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185, na imamu wenu atawasomea mbele ya mjomba. Sisi tulimwomba imamu aje nyumbani baada ya Isha, akakaa na wazee, na tangu usiku ule hakuna aliyemgusia tena mdogo wangu habari ya kukata dawa.